Mita mia moja hazitalinda kibanda changu

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako. Najua barua za wasomaji mnazipenda zikiwa fupi lakini hii maneno imenikaa kifuani siku nyingi, na nikianza kuipunguza nitaishia kutoa ile sehemu inaniuma, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Mimi nauza chaja, kava za simu, betri na memori kadi. Kibanda changu kiko upande wa River Road hapa Nairobi, ndani ya duka moja tumegawana watu sita, kila mtu na meza yake na kabati yake ya vioo. Tarehe 25 Juni 2025 sikufungua kabisa, nilijua kutakuwa na maandamano ya kukumbuka vijana waliouawa mwaka uliotangulia, nikakaa nyumbani na watoto. Saa kumi na moja jioni jirani yangu wa meza akanipigia simu akaniambia usikuje saa hii, lakini ujue wameingia. Kesho yake nilipofika lile bati la mlango lilikuwa limekunjwa kutoka chini kama kifuniko cha kopo, vioo vimetapakaa sakafuni, na kwa kabati yangu hakukuwa na kitu hata kimoja isipokuwa daftari la madeni. Walikuwa wamelitupa chini wakalikanyaga, na alama ya kiatu chenye tope ilikuwa juu ya majina ya wateja wangu, unaona mpaka mistari ya soli. Hilo daftari ninalo mpaka leo. Stoki iliyoenda ilikuwa ya kama elfu 84, nusu yake pesa ya chama chetu cha kukopeshana ambayo nilikuwa bado nalipa. Nikaenda kuripoti, nikapewa namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, na hiyo namba ndiyo kitu pekee nimewahi kupata.

Nimeanza na hayo ili mtu asije akaniambia mimi ni wale wanatetea maandamano kwa sababu hawana kitu cha kuibiwa.

Sasa, mwaka huo huo wa 2025 Mheshimiwa Esther Passaris, Mwakilishi wa Kike wa Nairobi, alileta Bungeni mswada wa kurekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma. Mswada unasema mtu asifanye mkutano wala maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo mengine yaliyolindwa. Unampa Waziri wa Usalama wa Ndani uwezo wa kutenga sehemu za kuandamania akishauriana na serikali za kaunti, na atakayevunja anapigwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 3 au yote mawili. Sababu inayotolewa ni kuweka mizani, haki ya anayeandamana upande mmoja na haki ya wengine upande wa pili, wenye biashara wakiwemo. Wenye biashara ndio sisi. Ndio mimi. Kila nikisikia mtu kwa redio akitetea huu mswada ananitaja mimi, ati tunalinda mama mboga, tunalinda wenye vibanda, na hapo ndipo nikaona siwezi nyamaza, kwa sababu nikinyamaza itakuwa ni kama nimekubali jina langu litumike.

Tuanze na umbali basi. Kutoka Bunge mpaka kwangu ni kama kilomita moja. Hao watu walioingia kwangu hawakuwa karibu na Bunge, hawakuwa karibu na mahakama, hawakuwa na bango, hawakuwa wanaimba. Walikuja na mtaimbo. Mtu wa mtaimbo tayari ana sheria yake na ni sheria kali, kuvunja jengo na kuiba ndani ni jela miaka 7 kwa Kanuni ya Adhabu, kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni mpaka miaka 5, hata kukusanyika kwa nia mbaya peke yake kuna kifungo cha mwaka mmoja. Hizo sheria zilikuwepo tarehe 25 Juni zikiwa nzima kabisa. Kitu hakikuwepo ni mtu wa kuzisimamia huku chini kwetu, maana siku hiyo nguvu zote zilikuwa zimepelekwa kuzungusha seng'enge za wembe kwa barabara za kuingia Bunge na Ikulu, na sisi wa vibanda tukabaki na makufuli yetu. Kwa hivyo mtu akiniambia dawa ya kibanda changu ni kuongeza ulinzi pale pale ambapo ulinzi ulikuwa umejaa, nashindwa kumwelewa, na nimejaribu.

Na angalieni hesabu. Mtu akisimama kimya na wenzake mbele ya Bunge ameshika picha ya mtoto wake aliyeuawa anaweza kutozwa laki moja. Laki moja ni zaidi ya kila kitu kilichobebwa kwa kabati yangu.

Juzi nilienda kupima mwenyewe. Nilikuwa na shughuli upande ule, nikaanzia kwa geti la Bunge pale Parliament Road nikahesabu hatua. Hatua zangu si ndefu, mita 100 zilinichukua kama hatua 140. Nikasimama pale nikageuka. Kwanza geti lenyewe unaliona ndio, lakini mtu anayeingia humtambui, huwezi sema huyu ni mbunge wangu ama ni karani. Pili kelele ya magari ya Uhuru Highway inakumeza, hata ukipaza sauti namna gani. Na bango la kawaida, hili watu wanaandika na kalamu ya rangi kwa katoni, halisomeki kutoka pale, labda uandike maneno mawili tu. Sasa Katiba yetu ya 2010 Kifungu cha 37 inasema kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana, kupiketi na kuwasilisha malalamishi kwa wenye mamlaka, akiwa na amani na bila silaha. Kwa wenye mamlaka. Haijasema kwa upepo. Malalamishi yanawasilishwa kwa mtu anayeweza kuyasikia, na mita mia moja ni umbali wa kuhakikisha hasikii.

Halafu si Bunge pekee. Mahakama ya Juu iko pale pale City Hall Way, ukichora duara la mita 100 kwa Bunge na lingine kwa mahakama, na uongeze maeneo yaliyolindwa, katikati ya mji inabaki vipande vipande. Na maeneo yaliyolindwa hayana idadi, kuna sheria yake ya zamani inayompa waziri uwezo wa kutangaza pahali popote kuwa eneo la aina hiyo kwa amri yake, hahitaji kurudi Bungeni kupiga kura. Kwa hivyo wanaosema ni mita 100 tu, ni kidogo, wajue hizo mita zinaweza kuhama na kuongezeka bila mtu yeyote kuulizwa.

Wenye umri wangu wanakumbuka tulikotoka. Kabla ya 1997 mkutano ulikuwa unaombewa leseni, na leseni inanyimwa. Mageuzi ya IPPG ya mwaka huo, yale ya kundi la wabunge wa vyama vyote, ndiyo yaliondoa leseni ikawa ni kutoa taarifa tu kwa polisi, kati ya siku 3 na siku 14 kabla, na mkutano ufanyike kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hiyo bado ndiyo sheria. Ni sheria inatosha. Watu walipigwa kwa miaka mingi ndio tufike hapo, sasa tunaambiwa waziri atatuchagulia uwanja wa kulilia. Oktoba 2017 pia waziri wa wakati huo alipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, Mahakama Kuu ikasimamisha ile amri. Ni kitu kinarudi kila wakati na jina jipya.

Wacha sasa niseme kwa nini huu mswada umenishika roho zaidi ya vile unafaa kumshika muuza chaja.

Mimi nimelelewa Rift Valley, kijiji ambacho sitakitaja. Kulikuwa na njia ya kwenda mtoni, njia nyembamba ya miguu, wamama wameipita miaka na miaka mpaka ardhi imeingia ndani kama mfereji. Ile njia ilikuwa inakata kona ya shamba kubwa. Mwenye shamba wa kwanza hakuwa na shida na mtu, akauza, na aliyenunua akaweka fensi. Kutoka siku hiyo mto ulio dakika kumi ukawa ni wa saa nzima kwa sababu lazima uzunguke. Mamangu na wamama wengine wawili waliendelea kupita kwa sehemu waya ulikuwa umelegea, mmoja anauinua mwingine anapita na mtungi. Asubuhi moja wakashikwa wote watatu. Nilikuwa darasa la sita. Walilala seli siku mbili, na walipopelekwa kortini shtaka lilikuwa ni kuingia kwa ardhi ya mtu bila idhini, kile wengine wanaita tu trespasi. Mtungi wa mamangu, ule wa manjano wa lita 20, uliletwa kortini kama kielelezo, umefungwa kikaratasi chenye namba kwa mkono wake. Hakimu akamuuliza ulikuwa na ruhusa ya nani, mama akasema njia ilikuwa hapo kabla ya waya. Basi. Hakuwa na wakili, hakuwa na karatasi, akaambiwa akubali kosa yaishe, akakubali. Tuliuza mbuzi wawili kulipa faini. Mtungi hatukurudishiwa.

Nilipokuwa mkubwa ndio nikasoma hiyo sheria ya trespasi, Sura ya 294 ya sheria za Kenya, sheria iliyoandikwa kabla bendera yetu haijapandishwa. Kifungu cha 3 kinasema ni kosa kuingia au kukaa au kulima au kulisha mifugo kwa ardhi ya mtu binafsi bila idhini na bila sababu ya maana. Sawa. Lakini kuna kasehemu ka pili ambako watu wengi hawakajui, kwamba mzigo wa kuthibitisha ulikuwa na sababu ya maana au ulikuwa na idhini uko juu yako wewe uliyeshtakiwa. Mwizi wa kibanda changu akishikwa, serikali ndiyo itahangaika kuthibitisha ni yeye. Mamangu na mtungi wake alitakiwa ajithibitishe mwenyewe. Hakuna siku nimesoma hicho kifungu bila kuona ule mtungi wa manjano.

Na jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba wale waliotuletea sheria hizi kwao hawakuwa wanaishi hivyo. Uingereza, kuingia shamba la mtu tu, bila kuharibu wala kuiba, kwa karne nyingi lilikuwa ni jambo la madai, mwenye shamba anakushtaki akitaka, lakini polisi hakuwa na la kukufanya. Mwaka 1932 mamia ya wafanyakazi wa viwanda walipanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungiwa kwa ajili ya wawindaji matajiri, na wale watano waliofungwa hawakufungwa kwa kuingia, walifungwa kwa mashtaka ya fujo, maana kuingia hakukuwa jinai. Baadaye aina chache za kuingia zikaanza kuwa kosa, lakini ni 1994 ndio Bunge lao lilipitisha sheria kubwa ya haki za jinai na utulivu wa umma iliyoongeza sana aina za kuingia ambazo ni kosa la polisi, ikilenga watu wa kuhamahama, vijana wa disko za mashambani, na wanaharakati wanaozuia uwindaji na ujenzi wa barabara. Kulikuwa na mabishano makali na maandamano makubwa huko London kuipinga. Mwaka 2012 wakaongeza wanaolala kwa nyumba tupu za makazi, na 2022 wakaongeza wanaokaa kwa magari. Yaani kitu ambacho kwao kilichukua vita vya Bunge miaka ya tisini, kwetu mkoloni alikiweka kama mchezo, maana aliyekuwa anaingia shambani alikuwa ni mtu mweusi anayerudi kwa ardhi ya babake. Neno skwota lenyewe tulilipata hapo. Sheria ya 1918 ilimfanya mtu kuwa kibarua kwa shamba la mzungu ndio aruhusiwe kuishi juu yake, na kipande, kile kitambulisho cha lazima cha mkoloni, kikiwa shingoni kikahakikisha hatembei bila kuulizwa.

Kwa hivyo mimi nikisikia sheria ya kumwambia mwananchi usikanyage hapa, swali la kwanza ni nani ameweka fensi, na aliipata vipi hiyo ardhi.

Kumbukeni msitu wa Karura hapa Nairobi. Mwaka wa 1998 na 1999 msitu wa umma ulikuwa umegawanywa kwa watu binafsi kisiri, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, akaenda na wenzake kupanda mti pale getini. Walinzi wakawapiga. Alipasuliwa kichwa. Kwa karatasi za wakati ule, aliyekuwa anaingia bila idhini ni Wangari, na wenye haki ya kulindwa ni wale waliogawiwa. Leo watu wanaenda Karura na familia Jumapili, wanakimbia, wanapiga picha, na hakuna hata mti mmoja pale ungekuwepo kama angetii ile fensi. Kumbukeni pia Lang'ata Road Primary, Januari 2015, watoto wa shule na sare zao wanasukuma ukuta uliojengwa kwa uwanja wao wa kuchezea, na wakarushiwa gesi ya machozi, watoto wa shule ya msingi. Baadaye serikali ikaomba msamaha na uwanja ukarudishwa. Watoto ndio walikuwa sawa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilikuwa tayari imeeleza kwa urefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa nchi hii, na Katiba Kifungu cha 40 imesema wazi kwamba ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Lakini anayeshikwa asubuhi ni wa mtungi.

Mtu atasema hayo ni ya mashamba, Bunge si shamba. Kwangu ni kitu kimoja. Bunge ni ardhi ya umma, jengo la umma, kwa kila chaja ninayouza kuna VAT ya asilimia 16 inayoenda kulisha hizo taa na hiyo mikutano. Kifungu cha 118 kinasema Bunge lifanye kazi zake wazi na kikao kiwe wazi kwa umma na liwezeshe wananchi kushiriki. Ukichukua nyumba kama hiyo ukasema mwenye nyumba akikaribia chini ya mita 100 na maneno mdomoni ni mhalifu, umemfanya mwenye nyumba kuwa mtu wa kuingia bila idhini. Ni ile njia ya mtoni tena. Waya umewekwa halafu aliyekuwa anapita ndiye anaulizwa ruhusa.

Na mengi ya historia ya nchi hii yamefanyika karibu na wenye mamlaka, mbele ya macho yao. Machi 1922 watu walisimama nje ya kituo cha polisi Nairobi wakidai Harry Thuku, kiongozi aliyepinga ukoloni, aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, wakapigwa risasi. Februari 1992 wamama wa wafungwa wa kisiasa, wengine wazee kabisa, waliketi Uhuru Park wakagoma kula, na tarehe 3 Machi walipovamiwa na marungu baadhi yao wakavua nguo mbele ya polisi. Wakahamia All Saints Cathedral, hatua chache tu, wakakaa karibu mwaka mzima mpaka vijana wao wengi wakaachiliwa. Wangepelekwa kwa uwanja uliotengwa na waziri, kule pembeni ya mji, nani angejua kuna wamama wamegoma?

Najua kuna jibu moja huwa linatolewa hapa na sitaki kulikwepa. Watasema 25 Juni 2024 watu waliingia Bunge na sehemu ikachomwa. Ni kweli, na mimi sikufurahia kuona moto pale. Aliyechoma alifanya kosa na ana sheria yake, na hata kuingia kwa eneo la Bunge bila ruhusa kuna sheria ya 2017 ya mamlaka na kinga za Bunge inayohusika. Lakini tukumbuke siku yote. Asubuhi ile watu walikuwa na chupa za maji na simu na bendera. Ndani wabunge walipiga kura 195 kwa 106 kupitisha Mswada wa Fedha, na watu nje walikuwa wamesema kwa wiki nzima hawautaki. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi akisema amesikia wananchi. Amesikia kwa sababu walikuwa wapi? Na kwa upande wa waliokufa katika maandamano ya mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60. Sitini. Hakuna mswada nimeuona unaozungumza juu ya mita ngapi risasi inafaa kukaa kutoka kwa mtu. Juni 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani akiwa na barakoa zake mkononi, mchuuzi kama mimi, hakuwa hata anaandamana, hiyo ndiyo biashara inayohitaji kulindwa.

Tena wale wanapenda kutuonyesha Uingereza wasome mpaka mwisho. Mwaka 2005 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba ndani ya eneo linaloweza kufika kilomita moja kutoka uwanja wa Bunge huwezi kuandamana bila idhini ya polisi, na kila mtu alijua inamlenga Brian Haw, mzee mmoja aliyekuwa amepiga kambi mbele ya Bunge tangu Juni 2001 kupinga vita na vikwazo dhidi ya Iraki. Kilichofuata ni aibu. Mwanamke mmoja akashikwa na kupatikana na hatia kwa kusoma kwa sauti majina ya wanajeshi waliokufa Iraki akiwa kwa mnara wa kumbukumbu. Kusoma majina. Ilipofika 2011 ile sheria wakaifuta, wakabakisha masharti madogo ya mahema na vipaza sauti pale uwanjani. Brian Haw alikufa mwaka huo huo, alikaa pale miaka kumi na Bunge halikuanguka. Sasa sisi tunataka kuokota kitu ambacho wenyewe walijaribu wakakitupa.

Bara letu pia limeshasema. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji, zile za kumshika mtu kwa sababu ya vile anaonekana na pahali amesimama, haziendani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinafaa kuzirekebisha au kuzifuta. Umaskini haupaswi kuwa kosa. Kusimama pahali pa umma hakupaswi kuwa kosa. Ukiwahi kukimbizwa na kanjo, wale askari wa kaunti, ukiwa na mfuko wa bidhaa kichwani unajua hizi sheria ndogo ndogo zinatumikaje. Haziishii kortini mara nyingi, zinaishia nyuma ya gari, elfu moja, elfu mbili, nenda. Kosa jipya la miezi mitatu litakuwa ni hivyo hivyo. Na kuna jambo wakili mmoja mteja wangu alinionyesha, Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu hawezi kuwekwa rumande kwa kosa la faini tu au la kifungo kisichozidi miezi sita. Kosa la huu mswada ni miezi mitatu, kwa hivyo kwa haki mtu wake hafai kulala ndani akingoja kesi. Mamangu alilala siku mbili kwa ajili ya maji, na wakati huo hakukuwa na Katiba ya 2010, lakini nimeona juzi juzi vijana wa maandamano wakishtakiwa hata kwa ugaidi, kwa hivyo sina imani kwamba kifungu pekee kitawakinga.

Mimi ninachotaka si kitu kikubwa. Bunge litenge pahali pake lenyewe, karibu na geti, penye kivuli ikiwezekana, na siku ya maandamano atoke mbunge mmoja au wawili wapokee karatasi za watu kwa mkono wao. Polisi wapangwe pia kwa mitaa ya biashara, wawe na sare na namba zinazosomeka. Kamera ziko kwa milingoti, zitumike kumtafuta mwenye mtaimbo kwa bidii ile ile wanatumia kutafuta kijana wa tiktok. Wakishamaliza hapo wachukue Sura ya 294 waondoe ile sehemu ya kumbebesha mshtakiwa mzigo, na waandike kwamba njia ya miguu iliyokuwepo kabla ya fensi ni sababu ya maana.

Haya yote nimeyaandika kwa karatasi mbili nikampelekea Karani wa Bunge la Kitaifa, maana maoni ya umma ndiko yanakoenda. Nilipeleka kwa mkono. Nimeambatisha nakala ya ule ukurasa wa daftari wenye alama ya kiatu, majina ya wateja nimeyafunika na karatasi nyeupe wakati wa kutoa kopi, na chini yake nimeuliza swali moja, kwamba katika mswada wote huu wanionyeshe kifungu kitakachomkamata mwenye hicho kiatu.

Muuza chaja,
River Road, Nairobi